Ditekta ya dhahabu: kutatua matatizo kwa sikio, kichujio kikiwa chini

Ukizunguka machimbo ya Chunya, Geita au Migori utasikia lalamiko moja kuhusu ditekta: "Mashine haishiki dhahabu." Mara nyingi inaishika, ila imeamriwa isiseme. Amri hiyo inatoka kwenye kitufe cha kuchuja metali, ambacho kwenye mashine nyingi kimeandikwa DISC au IRON REJECT. Mtu amechoka kufukua misumari na vizibo vya soda, anakipandisha, mashine inatulia, naye anashukuru. Katika utulivu huo ndimo punje zinamopitwa.

Msimamo wangu ni huu: kwenye udongo wa dhahabu kichujio kikae chini kabisa, chuma kiachwe kilie, na kazi ya kutenganisha ifanywe na sikio. Maelezo yanayofuata yanakwenda kwa dalili, jinsi zinavyosikika kwenye hedifoni. Yanahusu hasa mashine za VLF (kifupi cha Kiingereza cha mawimbi ya masafa ya chini sana), zile nyepesi ambazo wachimbaji wadogo wengi wanazimudu: Gold Monster 1000 ya Minelab, AT Gold ya Garrett, Gold Bug ya Fisher na jamii zao. Mashine za GPX, nazo za Minelab, zina tabia zake, nazo nitazigusa mbele.

Kwa nini mashine inachanganya dhahabu na chuma

Koili, ile sahani iliyo mwisho wa mpini, hutuma mawimbi ya sumaku ardhini. Metali huyajibu kwa kuchelewa kidogo, na mashine hupima kuchelewa huko ili kukisia ni metali gani. Sarafu ya shaba au ya fedha hujibu kwa namna iliyo mbali na chuma, kwa hiyo anayetafuta sarafu anaweza kupandisha kichujio bila hasara kubwa. Dhahabu ndogo haina bahati hiyo. Punje isiyofika gramu moja husomeka chini kwenye kipimo, jirani na chuma, pamoja na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Kisha kuna udongo wenyewe. Udongo mwekundu, mawe yenye chuma na mchanga mweusi hujibu koili kama vile metali inavyojibu, na jibu lao huvuta jibu la dhahabu kuelekea upande wa chuma. Kadiri punje ilivyo chini zaidi ndivyo inavyovutwa zaidi. Ndiyo maana punje ileile ikiwa juu juu inaweza kusomeka kama dhahabu, na ikiwa kina cha kiganja ikasomeka kama msumari. Kichujio hakijui tofauti hiyo. Kinafuta vyote vilivyo chini ya mstari uliowekwa.

Kabla ya kwenda porini fanya jaribio hili, kwa sababu litakushawishi kuliko maneno yangu. Chukua chubwi la kuvulia samaki, kata kipande cha risasi kinacholingana na punje ya mtama au mbegu ya maharage, ukigundishe kwenye kadi. Kiweke chini pahali pasipo na takataka, sikiliza mlio wake. Sasa laza msumari wa inchi nne kando yake, sentimita tano hivi, upitishe koili tena kichujio kikiwa sifuri: utasikia sauti ya chuma, na pembeni yake kipande cha mlio safi. Pandisha kichujio ngazi moja moja. Kuna ngazi ambayo mlio wa risasi unazimika pamoja na msumari, ingawa risasi haijasogea. Ngazi hiyo iweke akilini, maana hutakiwi kuifikia ukiwa kazini.

Dalili: mashine imekaa kimya tangu asubuhi

Kimya kirefu mahali palipowahi kuchimbwa si jambo la kawaida. Mashapo ya Lupa, kule Chunya, yamechimbwa tangu miaka ya 1920, na kila kizazi kiliacha makopo, misumari ya viatu, vipande vya nyaya na mabati. Kama hedifoni haikuletei hata kipande kimoja cha chuma, tatizo lipo upande wako.

Anza na kichujio, kirudishe chini. Kama mashine yako ina modi mbili, kama Gold Monster yenye ya metali zote na ya kukataa chuma, tafutia kwenye ya metali zote. Ile nyingine iwe ya kuulizia tu, ukishapata mlio na unataka maoni ya pili.

Sababu ya pili ni masafa ya mashine yenyewe. ACE 250 ya Garrett inafanya kazi kwa 6.5 kHz, yaani mawimbi 6,500 kwa sekunde. Ni mashine nzuri ya sarafu, lakini punje ndogo inapita chini yake bila kusikika, na hakuna kitufe kitakachobadilisha hilo. AT Gold ni 18 kHz, Gold Monster ni 45, Gold Bug 2 ni 71. Masafa ya juu husikia dhahabu ndogo vizuri zaidi, ingawa nayo husumbuliwa zaidi na udongo wenye chuma. Watu wengi wamenunua mashine ya bei nafuu kwa ajili ya mali za Mjerumani, zile zinazosemwa zilifukiwa enzi za ukoloni, wakaipeleka kwenye punje, wakakata tamaa. Mashine haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyo yake.

Sababu ya tatu ni mwendo. Koili ikipepea kwa kasi na kuinuka mwishoni mwa kila upande, unatafuta hewani. Iende taratibu, kama sekunde mbili kutoka kushoto hadi kulia, ikikaribia kugusa ardhi njia nzima, na kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia. Nyasi zikatwe au zilazwe kwanza. Sentimita tatu za nyasi ni sentimita tatu za kina ulizozipoteza, na kwa punje ndogo hicho huenda ndicho kina chote ulichokuwa nacho.

Dalili: mvumo unakatika

Mashine nyingi za dhahabu zina mvumo mdogo usiokoma, ambao unauweka mwenyewe uwe wa chini kiasi cha kusikika tu. Huo mvumo ndio ukurasa unaousoma. Ukiwa juu sana, milio midogo inazama ndani yake. Ukiwa umezimwa, huwezi kujua nini kimefutwa.

Kichujio kikiwa juu, mvumo ukikatika ghafla na kurudi, maana yake mashine imekutana na chuma na imeamua kunyamaza. Mkatiko mmoja mfupi ni msumari. Mkatiko mrefu, au mikatiko mingi iliyofuatana, ni rundo la chuma, labda kopo lililooza au mahali palipokuwa na kibanda. Wengi hupita. Mimi nasema simama hapo. Shusha kichujio hadi sifuri, punguza mwendo hadi koili itambae, na usikilize ukingoni mwa kila sauti ya chuma. Dhahabu iliyokaa karibu na msumari haitoi mlio kamili. Inatoa mkwaruzo mfupi wa sauti ya juu mwanzoni au mwishoni mwa sauti nzito ya chuma, upande mmoja tu. Mkwaruzo huo ukijirudia mahali palepale kila unapopita, ondoa kwanza chuma kilicho juu kisha sikiliza upya. Mkwaruzo ukiruka mahali pengine kila mara, ni msumari peke yake.

Koili ndogo inasaidia sana hapa. Gold Monster huja na ya mviringo ya inchi 5, na wengi huiacha kwenye sanduku kwa kuiona haina kina. Katika takataka nyingi, kina kinachopotea kinalipwa na uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana.

Dalili: mlio mzuri upande mmoja, ukigeuka unapotea

Umepita kaskazini hadi kusini, mlio ukaja safi. Ukageuka robo mzunguko, mlio ukawa wa kukwaruza au ukakatika vipande viwili. Karibu kila mara hiyo ni kitu kirefu cha chuma: msumari uliolala, waya, kipande cha nondo. Msumari ukipitiwa kwa urefu wake mara nyingi hutoa milio miwili, mmoja kila mwisho.

Punje ya dhahabu inalia karibu sawa kutoka pande zote. Kwa hiyo kila mlio unaokuvutia uzungukie. Zunguka kwa miguu yako, si kwa mkono tu, huku koili ikipita juu ya kitu. Lakini nina onyo moja: mlio hafifu sana, wa kitu kilicho mwisho wa uwezo wa mashine, nao huweza kusikika upande mmoja na kupotea mwingine kwa sababu tu ni hafifu. Mlio mkali unaopotea ni chuma. Mlio hafifu unaopotea bado haujajulikana, na dawa yake ni kupangusa sentimita chache za udongo wa juu na kuuliza tena. Mlio ukipata nguvu, endelea.

Dalili: mlio wa juu, mtamu, kisha unatoa chuma

Hili ndilo linalowafanya watu wapandishe kichujio, na ndilo ambalo kichujio hakiliwezi. Chuma bapa, chuma chenye tundu na chuma kikubwa huidanganya mashine: kizibo cha soda, washa ya bolti, kichwa cha msumari wa bati, kipande cha bati, jembe lililovunjika. Umbo hilo hutoa jibu linalofanana na la metali nzuri, likaruka mstari wa kichujio hata ukiupandisha. Unabaki na chuma kinacholia na dhahabu iliyonyamazishwa.

Sikio lina njia za kuligundua. Ya kwanza ni kuinua koili. Inua polepole huku ukiipitisha. Punje ndogo iliyo juu juu hufifia haraka ukiinua sentimita chache. Bati au jembe huendelea kulia koili ikiwa karibu na goti. Ya pili ni kusikiliza kingo za mlio. Dhahabu na risasi huanza laini na kuisha laini. Kizibo huwa na mkwaruzo au mchepuo wa sauti nzito pembeni, hasa ncha ya koili inapokipita badala ya katikati. Kwa hiyo rudisha koili nyuma taratibu hadi ncha tu iwe juu ya kitu. Sauti ya chuma mara nyingi hujitokeza hapo. Ya tatu ni kwa mashine zenye kitufe cha kubainisha mahali: kama kitufe kinaonyesha kitu kiko mahali fulani na mlio ukaonyesha pengine, umbali wa sentimita kadhaa, shuku chuma.

Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayotosha peke yake. Zikikubaliana mbili kuwa ni chuma, unaweza kuacha. Zikitofautiana, chimba. Kwenye eneo lililowahi kutoa dhahabu ningechimba hata zikikubaliana, kwa sababu kizibo kinachobaki ardhini kinaendelea kuficha kilicho chini yake.

Kuna mlio mmoja mtamu ambao lazima niusemee zaidi. Maeneo yaliyolipuliwa huacha vile vijibomba vidogo vinavyowashia baruti, ambavyo havikulipuka. Ganda lao ni la aluminiamu au shaba, kwa hiyo mashine inavisifu: mlio safi, sawa pande zote, juu juu. Chimbua polepole kwa mkono au kijiko cha plastiki, usigonge kwa sururu mahali palipolia. Ukiona kimrija kinachong'aa, hasa chenye nyaya mbili za rangi, usikivute, usikitie mfukoni, usikipeleke kambini. Weka alama, ondoka na wenzako, mjulishe msimamizi wa mgodi au polisi.

Dalili: mlio mpana usio na kilele

Unapitisha koili, sauti inapanda polepole na kushuka polepole, huwezi kusema kitu kiko wapi. Hapo ni ardhi inaongea. Punje ina kilele. Hata ikiwa hafifu, kuna mahali sauti inachoma.

Kama mashine yako inalinganishwa na udongo kwa mkono, tafuta pahali pasipo na metali, inua na kushusha koili kati ya usawa wa goti na karibu na ardhi, ukirekebisha hadi sauti isibadilike ikipanda wala ikishuka. Rudia kila unapoona rangi ya udongo imebadilika, baada ya mvua, na jua linapokuwa limeukausha. Mashine zinazojilinganisha zenyewe nazo zinahitaji mpito wa taratibu kadhaa zikihamishiwa udongo mpya.

Ikiwa udongo umelinganishwa na bado unapata milio mipana hapa na pale, ni mawe yenye chuma. Lisukume jiwe kwa mguu. Mlio ukilifuata jiwe, lipasue, maana jiwe la mwamba wa dhahabu nalo hulia, hasa jiwe jeupe la kwatzi lenye madoa ya kutu. Lisipokuwa hilo, litupe mbali na njia yako. Mawe ya aina hii yakijaa, shusha unyeti (kitufe cha SENS) kabla ya kugusa kichujio. Ukishusha unyeti unapoteza kina kidogo kwa kila kitu, na unajua umepoteza. Ukipandisha kichujio unapoteza vitu fulani vyote, usijue ni vipi.

Dalili: kelele zisizo na mpangilio

Inua koili hewani, ishike bila kuitikisa. Kelele zikiendelea, hazitoki ardhini. Tafuta nyaya za umeme, jenereta ya karasha ya kuvunjia mawe, mashine ya kuchomelea, simu mfukoni, au ditekta ya mwenzako iliyo karibu. Badilisha chaneli au masafa kama mashine inaruhusu, simu izimwe, wenzako wasogee.

Kelele zikikoma hewani lakini zikirudi koili ikigonga kisiki au jiwe, angalia waya wa koili kama umefungwa imara kwenye mpini, kaza plagi, kisha fungua kifuniko cha chini cha koili. Matope na mchanga mweusi hujikusanya humo. Betri inayokaribia kuisha, buti lenye chuma kidoleni, pete na saa ya mkono ulioshika koleo navyo vimewahi kulaumiwa kama ubovu wa mashine.

Ukiwa na GPX

Hizi ni za aina nyingine: hutuma mapigo, huenda chini zaidi, na kwenye GPX 4500 na 5000 kichujio cha chuma hufanya kazi kwa koili za DD tu (zenye nyaya mbili za umbo la herufi D). Hata hapo ni cha vitu vya juu juu, kisitegemewe kwa kina. Sauti yake ina namna mbili: inayopanda kisha kushuka, na inayoshuka kisha kupanda. Kwa kawaida punje ndogo huanza juu ikashuka, kipande kikubwa au kilicho chini sana huanza chini ikapanda, lakini misumari nayo hutoa zote mbili. Kwa GPX kanuni ni kuchimba kila kinachojirudia.

Lini kichujio kipandishwe

Pale kambini, penye takataka za kila siku, unaweza kupanda ngazi moja ili upate nafasi ya kufikiri, mradi usifikie ile ngazi iliyozima risasi kwenye jaribio lako. Ukitoka hapo, kishushe. Ukiondoa takataka zote kwanza, pita tena eneo hilohilo kichujio kikiwa sifuri. Mara nyingi ndipo kinachotafutwa kinaposikika.

Na eneo liwe na leseni ya uchimbaji na ridhaa ya mwenye leseni. Magofu na miji ya kale ya pwani si pa kupitisha koili kabisa; Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Dalili: umechimba, mlio umepotea

Usikimbilie kusema ilikuwa ardhi. Pitisha koili kwenye kifusi kwanza, kwa sababu punje huruka na udongo wa koleo la kwanza. Kama kifusi kiko kimya, sikiliza kuta za shimo. Huenda ulichimba pembeni na punje imeegemea ukuta, imesimama kwa ukingo wake, ambapo hulia hafifu kuliko ikilala bapa. Chuma kilichooza sana nacho hutoa sababu ya tatu: kutu iliyosambaa kwenye udongo ililia ikiwa imeshikamana, ukaivunja kwa koleo, ikatawanyika. Sumaku ikiburutwa kwenye kifusi itarudi na vipande vyekundu vyembamba.

Mlio ukiwa kwenye kifusi, chota kwa kijiko cha plastiki, kipitishe juu ya koili iliyolazwa chini, mwaga nusu, pitisha tena. Endelea kugawa hadi kibaki kiganja cha udongo, kisha udondoshe kidogo kidogo juu ya koili mpaka uusikie mgongano mdogo wa sauti punje inapotua. Ukishaipata, rudisha koili shimoni kabla ya kufukia. Punje za eneo moja mara nyingi hukaa pamoja, na ile kubwa ya juu ilikuwa inafunika sauti ya ndogo zilizo chini yake.